Summer Stock, The Band Wagon au Give a Girl a Break: uanze na ipi?

Kisa ni kilekile: kikundi cha wasanii wa jukwaani kina onyesho jipya mkononi, lakini pesa hakuna, nyota wao amesusa, na siku ya kufungua pazia imekaribia. Studio ya MGM, iliyokuwa Culver City karibu na Los Angeles, iliutumia mkasa huu tena na tena. Kati ya 1950 na 1953 ilitoa filamu tatu ambazo mtu anayetaka kuingia kwenye vichekesho hivi vya muziki atazikuta njiani mapema: Summer Stock ya 1950, The Band Wagon ya 1953 na Give a Girl a Break ya mwaka huohuo.

Zote zina rangi zile nzito za Technicolor, zote zinachekesha, na zote huishia vizuri. Hilo la mwisho si siri, wala kulijua hakumpunguzii mtu utamu. Tofauti ninayoitazama mimi, hata kabla ya nyimbo, ni kama filamu inaonyesha kazi. Unaona jasho la mazoezi? Unajua pesa zinatoka kwa nani, na nani ataumia onyesho likianguka? Filamu ikikuonyesha hayo, dansi inapokuja inakuja na uzito, maana unajua imegharimu nini. Isipokuonyesha, unabaki kutazama nguo nzuri zikizunguka.

Kwa kipimo hicho, Summer Stock inaanza vizuri kupita maelezo. Jane Falbury, anayeigizwa na Judy Garland, ni mkulima huko Connecticut. Shamba linazama, vibarua wameondoka, na trekta amelipata kwa baba wa mchumba wake, bwana mwenye duka kijijini. Huyo mchumba mwenyewe, Orville, amemchumbia miaka minne bila ndoa kuonekana. Mdogo wake Jane, Abigail, anatokea New York na kundi zima la wasanii, akiwa amewaahidi banda kubwa la shambani wafanyie mazoezi na onyesho humo. Dada mtu hajaulizwa. Kiongozi wa kundi, Joe Ross, ni Gene Kelly.

Jane hawezi kuwafukuza, lakini hawezi kuwalisha bure pia. Wanakubaliana: mtalala na kula hapa, ila mtafanya kazi za shamba. Nalipenda sana sharti hilo, kwa sababu linageuza umaskini wa wasanii kuwa jambo la mikono na miguu. Watu wanaojua kuruka jukwaani wanaamshwa alfajiri kwenda kwa ng'ombe na kuku. Wimbo ambao Kelly anaucheza juu ya meza ya chakula unasema waziwazi kwamba asiyechimba hali. Na msaidizi wake, Phil Silvers, anaposhika lile trekta na kuliharibu, huoni kichekesho peke yake. Unajua trekta ni la nani, na deni litamwangukia nani.

Halafu kuna dakika chache ambazo ningemwonyesha mtu yeyote asiyeamini kwamba dansi inaweza kuwa wazo. Ni usiku, banda limebaki tupu, Kelly yuko peke yake jukwaani. Anatembea, ubao mmoja wa sakafu unalia chini ya kiatu. Anarudi, anaukanyaga tena. Kisha anakuta gazeti limeachwa chini, nalo likikanyagwa linatoa mchakacho wake. Sasa ana sauti mbili, ubao na karatasi, na anaanza kuzipanga kama ngoma na kayamba. Anasogeza gazeti kwa unyayo, analichana vipande viwili kwa miguu, anavichana tena, na mwishowe anaokota kipande na kuanza kukisoma huku anaondoka. Hakuna pambo lolote, hakuna kundi nyuma yake. Ni mfanyakazi aliyebaki kazini baada ya saa za kazi na kupata jambo jipya kwenye sakafu mbovu.

Garland naye anastahili kutazamwa kwa moyo mkunjufu. Alikuwa MGM tangu 1935, akiwa bado mtoto, na wakati wa filamu hii afya yake ilikuwa imeyumba sana. Upigaji picha ulisimama na kuanza mara nyingi. Ilikuwa filamu yake ya mwisho pale. Mkataba wake ulikatishwa Septemba 1950. Utagundua kwamba kwenye Get Happy, onyesho lake la koti jeusi na kofia iliyoinamishwa jichoni, amekonda kuliko sehemu nyingine zote za filamu. Sababu ni kwamba wimbo huo ulipigwa picha baadaye, kazi kubwa ikiwa imekwisha, na mwongozaji Charles Walters ndiye aliyemtungia dansi yake. Kwa hadithi inayosimuliwa, Jane anaonekana kama amebadilika mwili usiku mmoja. Mimi hilo halinisumbui hata kidogo. Ukimsikia anavyoushika ule wimbo, swali la kilo linaondoka lenyewe.

Udhaifu wa filamu hii upo. Orville na mzio wake wa chafya unarefushwa mno, na kuna wimbo wa Kelly na Silvers wakiwa na mbwa ambao ningeukata bila huruma. Mwisho unaujua tangu Abigail anaposhuka kwenye gari. Lakini mtu ambaye hajawahi kutazama filamu hizi atapata humu kila kitu kinachozifanya zipendwe, bila kuhitaji kujua lolote kuhusu New York au historia ya jukwaa la Marekani.

The Band Wagon ni kitu kingine. Hii ni filamu ya watu waliokwisha kupanda na sasa wanateremka.

Inafunguka kwa mnada. Kofia ndefu nyeusi na bakora za Tony Hunter, mcheza dansi wa filamu aliyewahi kuvuma, vinanadiwa, na hakuna anayevitaka hata kwa bei ya kutupa. Tony mwenyewe yumo kwenye treni kwenda New York, akisikiliza abiria wakimsema kwamba amekwisha. Treni inafika, waandishi wa habari wamejaa kwenye jukwaa la stesheni, naye anajiweka sawa kuwapokea, kumbe wamekuja kwa ajili ya Ava Gardner, anayejiigiza mwenyewe. Tony anabaki na mzigo wake, anatembea taratibu kando ya treni akiimba kwamba atakwenda peke yake. Ukijua kwamba anayemwigiza ni Fred Astaire, aliyezaliwa 1899 na kofia ile ndiyo iliyomjengea jina miaka ya 1930, mnada ule unauma zaidi. Jina la filamu pia ni la onyesho la 1931 la Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho za New York, la mwisho ambalo Astaire alicheza pamoja na dada yake Adele.

Waliomwita New York ni rafiki zake Lester na Lily Marton, mtu na mkewe wanaoandika maonyesho. Waandishi wa filamu, Betty Comden na Adolph Green, walijichora wenyewe katika wawili hao, ingawa wao kwa wao hawakuwa wameoana. Marton wameandika kichekesho chepesi kuhusu mtunzi wa vitabu vya watoto anayeandika hadithi za mauaji pembeni ili apate pesa. Wanakipeleka kwa Jeffrey Cordova, bwana mkubwa wa jukwaa, ambaye wakati huohuo anaongoza na kuigiza Oedipus Rex, mkasa wa kale wa Kigiriki, kwa mtindo wake mwenyewe. Cordova anasikiliza, macho yanamtoka, anaamua: huyu mtunzi ameuza roho yake kwa shetani, hii ni Faust ya siku hizi!

Hapo ndipo filamu inapowapita wenzake wote kwa kicheko, na ni kicheko cha mtu anayeijua kazi. Cordova anawasimulia matajiri ili watoe pesa, na sisi tuko upande wa pili wa mlango. Kila ukifunguliwa tunapata kipande cha sauti yake ikinguruma, ukifungwa kimya. Baadaye mazoezi yanageuka vita: sehemu za jukwaa zinapanda na kushuka zisipotakiwa, moshi na milipuko ya kuzimu inafumuka huku Astaire na Cyd Charisse wakijaribu kumaliza dansi yao katikati. Aliyewahi kuwa kwenye kikundi chochote cha maigizo, hata cha shule, anamjua kiongozi wa aina hii, anayependa wazo lake kiasi cha kusahau waliolileta. Onyesho linafunguliwa New Haven, mahali ambapo maonyesho yalijaribiwa kabla ya kuingia New York, na watu wanatoka ukumbini kama wanatoka mazishini.

Ila Cordova si mtu mbaya. Anapoambiwa wazi kwamba ameharibu, anakubali, anaomba abaki kama mwigizaji tu chini ya Tony. Jack Buchanan, Mskoti aliyeigiza nafasi hiyo, anaisema sentensi ile bila kujidhalilisha wala kujionyesha. Tony anauza michoro yake ya thamani ili kundi liendelee kusafiri. Hapo nilipouliza pesa zinatoka wapi, jibu limekuja, tena limetoka ukutani mwa mtu.

Kuhusu dansi, niiseme moja tu kwa kirefu. Tony anamwogopa Gabrielle, mwenzake wa onyesho anayeigizwa na Charisse, kwa sababu ni mchezaji wa ballet, ni mrefu, na ni kijana. Charisse alikuwa mdogo kwa Astaire zaidi ya miaka 20. Gabrielle naye anamwogopa Tony kwa sababu alikua akisikia jina lake. Kwa woga huo wanagombana. Kisha wanakubaliana wajue jambo moja tu: tunaweza kucheza pamoja au hatuwezi? Wanapanda gari la farasi hadi Central Park. Wanapita katikati ya watu wanaocheza kwenye uwanja, wanaendelea kutembea hadi mahali pa kimya, hakuna anayesema neno. Yeye amevaa gauni jeupe la kawaida na viatu bapa. Mguu mmoja unageuka kidogo katika hatua, wa mwenzake unaujibu, na kabla hujatambua, kutembea kumekwisha kuwa dansi. Wimbo wa Dancing in the Dark unapigwa bila maneno. Wakimaliza wanapanda lile gari la farasi bado wako ndani ya mdundo, wanakaa, wanashika mikono. Jibu limepatikana. Mwongozaji Vincente Minnelli na mtunzi wa dansi Michael Kidd walijua kuacha mambo yajiseme.

Mtu anaweza kulalamika, kwa haki, kwamba baada ya New Haven filamu inaachia hadithi na kupanga nyimbo mfululizo. Kuna Triplets, watu wazima watatu wakiwa watoto wachanga, wakicheza kwa magoti yaliyofungiwa viatu vidogo. Watoto nyumbani wataipenda hiyo kuliko yote. Kuna Girl Hunt, dansi ndefu ya kuigiza riwaya za kipelelezi za bei rahisi, yenye bastola, moshi na Charisse katika gauni jekundu linalometameta. Ni nzuri sana, ila inataka uwe macho, si ya saa tano usiku umechoka.

Give a Girl a Break sitaikalia muda huohuo, kwa sababu yenyewe haina mengi ya kukaliwa. Mwongozaji ni Stanley Donen, mwaka mmoja baada ya Singin' in the Rain aliyoiongoza pamoja na Kelly. Nyota wa onyesho anaondoka kwa hasira katikati ya mazoezi, wasichana watatu wanagombania nafasi yake, na kila mmoja ana mwanaume anayempigia debe: mwongozaji, mtunga muziki, na kijana wa kutumwa huku na huku. Kila mwanaume anaota wake ameshinda. Basi. Kazi yenyewe ya kutengeneza onyesho haionekani, mfadhili hana uso, na hakuna atakayelala njaa. Dakika 82 zinapita, nawe umefurahi, lakini hukuwa na wasiwasi hata mara moja.

Kwa nini basi ipo kwenye orodha? Kwa sababu ya miguu iliyomo. Kijana wa kutumwa ni Bob Fosse akiwa na miaka ishirini na kitu, yuleyule ambaye baadaye angeongoza Cabaret ya 1972 na kupata Oscar. Mwongozaji ndani ya hadithi ni Gower Champion, aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa Broadway, akicheza na mkewe wa kweli, Marge, ambaye miondoko yake ya usichanani ilitumiwa na wachoraji wa Disney kumchora Snow White wa 1937. Dansi ya wawili hao juu ya paa la jengo ina ukali wa watu wanaojuana kila kiungo. Na ndoto ya Fosse akiwa na Debbie Reynolds imepigwa nyuma-mbele: maputo yanajirudisha mazima, karatasi zinapaa badala ya kuanguka, wao wenyewe wanateleza kinyume. Ukiwa mcheza dansi, au unafundisha vijana dansi, anza na hii wala usijali niliyosema juu ya hadithi.

Tuziweke sasa kwenye mambo ya mtazamaji wa kawaida. Lugha kwanza, kwa sababu wengi wetu tunafuata Kiingereza kikiwa lugha ya pili au ya tatu. Summer Stock ndiyo nyepesi kufuata. Watu wake wanasema mambo ya shamba, mapenzi na deni, isipokuwa Silvers anapofyatuka. The Band Wagon inachekesha kwa maneno: Oscar Levant, anayemwigiza Lester, anang'unika utani wake pembeni, Cordova anapamba kila sentensi. Tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha, hata kama Kiingereza chako ni kizuri, la sivyo nusu ya kicheko itakupita. Give a Girl a Break utaielewa hata ukizima sauti.

Urefu usikusumbue. Summer Stock ni kama dakika 109 na The Band Wagon kama 112. Kwenye hizo mbili, picha haijazi televisheni za sasa. Kutakuwa na weusi pembeni, kulia na kushoto. Uache. Ukivuta picha ijae skrini utawanenepesha wachezaji, na ukiikuza utawakata miguu, ilhali Astaire alisisitiza maisha yake yote ya filamu kwamba mwili mzima uonekane, unyayo hadi kichwa, na mikato iwe michache.

Wimbo unaochipuka katikati ya mazungumzo hautampa shida aliyekulia kwenye filamu za Kihindi, zilizojaza kumbi za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kwa miongo mingi. Ila ajue mapema kwamba hapa machozi ni haba. Hakuna mama aliyepotezana na mwanawe, hakuna kisasi. Atakayetaka moyo uguswe achague Summer Stock, kwa sababu ya Garland tu.

Kuhusu wanawake, Jane ndiye pekee mwenye chake. Ana ardhi, ana madeni, ana amri mezani, na jukwaani anaingia kwa sababu anaweza. Gabrielle anaanza akiwa chini ya mpenzi wake Paul anayemwamulia kila mkataba, na filamu inatumia muda kumtoa hapo. Wale watatu wa Give a Girl a Break wanangojea wanaume waamue, na hakuna anayeona tatizo.

Jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi kwa msomaji wa kwetu: hizi ni filamu za Marekani ya ubaguzi, na zinaonyesha hivyo kwa wale ambao hawamo. Hakuna msanii Mweusi katika kundi lolote kati ya haya matatu, wakati dansi ya kugonga sakafu kwa viatu, inayowalisha wote humu, ina mizizi mikubwa kwa watu Weusi wa Marekani. Mwanaume Mweusi mmoja tu anapewa nafasi ya kung'aa: LeRoy Daniels, mpiga kiwi halisi wa Los Angeles, katika wimbo wa viatu wa The Band Wagon. Brashi zake zinapiga mdundo, anamjibu Astaire hatua kwa hatua, anatabasamu kama mwenye uwanja. Onyesho likiisha, Tony anaendelea na safari yake na Daniels harudi tena. Nalipenda onyesho lile na linaniudhi kwa pamoja, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Kama hujawahi kutazama hata moja, au unatazama na watu wa rika zote sebuleni, weka Summer Stock. Kama umewahi kufanya kazi kwa miaka na kujiuliza kama bado unahitajika, ruka moja kwa moja hadi The Band Wagon. Ndiyo filamu bora kati ya tatu, na kila nikiirudia inanipa zaidi. Give a Girl a Break iwe ya jioni yenye saa moja na nusu tu ya nafasi.

Utaniuliza kuhusu Singin' in the Rain. Itazame, bila shaka, lakini hiyo inahusu watu wa sinema na ujio wa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920. Jukwaa lina dakika zake chache tu mwanzoni, Kelly na Donald O'Connor wakizomewa mji baada ya mji. Aliyevutiwa na Fosse aende Kiss Me Kate ya 1953, kisha My Sister Eileen ya 1955, ambako anashindana na Tommy Rall kwenye uchochoro nyuma ya ukumbi, kofia zikiruka, kila mmoja akijaribu kumfunika mwenzake.